Dini Zote ni Moja? Waulizwe Wazikaji na Wachinjaji

Juu ya kilima cha Kikaya, kaskazini mwa jiji la Kampala, limesimama jengo la kuba lenye pande tisa, kila upande na mlango wake. Ni hekalu la Wabahai, la kwanza kujengwa na dini hiyo barani Afrika, lililofunguliwa Januari 1961. Ndani hamna madhabahu, hamna sanamu, hamna picha, na hakuna anayetoa mahubiri. Yanasomwa tu maandiko matakatifu, ya Wabahai wenyewe na ya dini nyingine, na mtu wa imani yoyote anakaribishwa kuketi na kusali. Wabahai wanafundisha kwamba Ibrahimu, Musa, Buddha, Yesu na Muhammad walitumwa na Mungu yule yule, kila mmoja kwa zama zake, na kwamba baada yao alikuja Baha'u'llah, Mwajemi aliyefariki mwaka 1892 karibu na mji wa Akka.

Kama kuna mahali Afrika Mashariki ambapo usemi wa "dini zote ni moja" umejengewa nyumba, basi ni hapo. Lakini wenye nyumba nao wana mambo yao. Wana kalenda ya miezi 19 yenye siku 19 kila mmoja. Wana mfungo wa siku 19 mwezi Machi. Wana maandiko yao, sheria zao za ndoa na makatazo yao, pombe ikiwemo. Mwaka 1977, Idi Amin alipopiga marufuku vikundi kadhaa vya dini nchini Uganda, Wabahai nao walikumbwa. Mwislamu anayeshikilia kwamba Muhammad ndiye mtume wa mwisho hawezi kumkubali Baha'u'llah. Mkristo anayeamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu hawezi kukubali awekwe kwenye orodha na wengine kama mmoja wao. Imani iliyokuja kusema dini ni moja iliishia kuongeza dini moja zaidi kwenye hesabu.

Usemi wenyewe husikika kila mahali: kwenye harusi za mseto, kwenye makongamano ya amani, na ndani ya daladala pale mabishano yanapopamba moto na mzee mmoja akaamua kuyazima: "Jamani, Mungu ni mmoja, tumetofautiana njia tu." Abiria hunyamaza. Kama dawa ya ugomvi, maneno hayo yanafaa. Kama maelezo ya jinsi dini zilivyo, yanahitaji kupimwa.

Na ukiyapima, jibu linategemea unalinganisha nini. Ukilinganisha mwenendo wanaohimizwa waumini, dini zinakaribiana sana. Ukilinganisha zinavyosema kuhusu Mungu, kuhusu tatizo la mwanadamu na kuhusu kinachomngoja baada ya kufa, zinaachana, tena zinaachana katika mambo ambayo waumini wako tayari kuyafia.

Wazo lilikotoka

Septemba 1893, jiji la Chicago lilipokuwa na maonyesho makubwa ya dunia, liliandaliwa pia Bunge la Dini za Dunia. Siku ya ufunguzi, tarehe 11, alisimama mtawa wa Kihindu mwenye umri wa miaka 30, Swami Vivekananda, akawaambia Wamarekani kwamba dini yake haivumilii tu dini nyingine bali inazikubali zote kuwa za kweli. Ukumbi ulimshangilia. Mwalimu wake, Ramakrishna, aliyekuwa akiishi kwenye hekalu la Dakshineswar karibu na Kolkata, aliwahi kufuata desturi za Kiislamu kwa siku kadhaa, kisha akazama katika kumtafakari Yesu, na alisema kote alifika kule kule.

Si wote waliokwenda Chicago kwa furaha. Askofu Mkuu wa Canterbury alikataa kushiriki, akieleza kwamba haoni namna ya kukaa kikao hicho bila kukubali kwamba dini zote zina hadhi sawa, jambo asiloliamini. Huo ndio mzozo wenyewe, na haujabadilika sana tangu wakati huo: kwa Vivekananda kukubali zote ni sehemu ya imani, kwa askofu yule kukubali zote ni kuiacha imani.

Katika karne ya 20 wazo la Vivekananda liliingia vitabuni. Mwaka 1945 Aldous Huxley alichapisha The Perennial Philosophy, akidai kwamba Masufi, watawa wa Kikristo, mayogi wa Kihindu na Wabudha waliozama katika tafakuri wote wameonja ukweli mmoja. Baadaye John Hick, mwanateolojia wa Kiingereza, alihamia Birmingham kufundisha chuo kikuu, akajikuta katika mji wenye misikiti, masinagogi, mahekalu ya Wahindu na ya Masingasinga. Alipoingia humo alihisi kwamba watu wanafanya jambo moja, yaani kumfungulia mioyo yao Aliye Juu. Akafikia rai kwamba kuna Ukweli mmoja usioweza kuelezeka, na dini ni namna mbalimbali za wanadamu kuupokea kulingana na utamaduni wao.

Upande huu una hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Agizo la kumtendea mwenzio kama unavyotaka utendewe limo katika mafundisho ya Confucius nchini China karne tano kabla ya Yesu. Limo katika mafundisho ya Hillel, mwalimu wa Kiyahudi. Limo katika Injili ya Mathayo, na katika hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayomtaka muumini ampendelee nduguye anayoyapendelea kwa nafsi yake. Mwaka 1993, miaka 100 baada ya bunge la kwanza, viongozi wa dini walikutana tena Chicago wakatia sahihi azimio la maadili ya pamoja lililoandaliwa na Hans Küng, padre na mwanateolojia kutoka Uswisi. Kuua, kuiba, kusema uongo, kumdhalilisha mwenzako kijinsia: yote yalikataliwa kwa sauti moja.

Ila makubaliano hayo yanathibitisha nini? Wizi unakatazwa pia na asiye na dini, na unakatazwa na sheria za nchi. Maadili yanayofanana yanaonyesha kwamba wanadamu wana mahitaji yanayofanana wanapoishi pamoja. Hayaonyeshi kwamba dini zao zinasema jambo moja. Tena ukishuka kutoka kwenye azimio hadi kwenye meza ya chakula, tofauti zinaanza. Divai ambayo ni haramu msikitini ndiyo inayowekwa juu ya altare kwenye misa ya Wakatoliki.

Wapo wanaotetea umoja wa dini kwa kisa maarufu cha vipofu na tembo: aliyeshika mguu akasema tembo ni nguzo, aliyeshika mkia akasema ni kamba. Kila dini, wanasema, imeshika kiungo kimoja. Kisa hicho kimo katika maandiko ya kale ya Wabudha, na Rumi, mshairi wa Kisufi wa karne ya 13, alikisimulia upya kwa kuwaweka watu ndani ya chumba chenye giza. Lesslie Newbigin, askofu Mwingereza aliyeishi India miaka mingi, alibainisha ndani yake kasoro moja ambayo haijapata jibu la kuridhisha. Msimulizi wa kisa hajihesabu kuwa kipofu. Yeye anamwona tembo mzima. Waliobaki ndio wanaopapasa. Kwa hiyo anayesema kila dini ina kipande tu cha ukweli anadai kujua zaidi ya dini zote, na wala haonyeshi alikolipatia jicho hilo. Hata kwa Wabudha kisa hakikusimuliwa ili kuzisawazisha dini. Buddha ndiye anayesimulia, na vipofu ni wale waliokuwa wakibishana bila kumsikiliza.

Maswali tofauti

Mwaka 2010 Stephen Prothero, profesa wa masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Boston, alitoa kitabu kupinga wazo la Huxley na wenzake. Hoja yake inaeleweka upesi: kila dini kubwa huanza kwa kutaja tatizo la mwanadamu, kisha hutoa dawa yake. Kwa Ukristo tatizo ni dhambi, na dawa ni wokovu. Kwa Uislamu tatizo ni kiburi cha mtu anayejiona anajitosheleza, na dawa ni kunyenyekea kwa Mwenyezi Mungu. Kwa Wabudha tatizo ni mateso yanayotokana na tamaa, na dawa ni kuamka kutoka humo hadi kufikia nirvana. Haya si majibu mbalimbali ya swali moja. Mbudha hamwombi Mungu amsamehe dhambi, kwani katika mafundisho ya asili ya Buddha hakuna Mungu muumba anayepaswa kuombwa. Wajaini wa India nao wana dini kamili yenye watawa, mahekalu na mfungo mkali, bila muumba.

Mtu anaweza kusema hizo ni dini za mbali. Basi zitazamwe zile mbili zilizo karibu zaidi, zenye waumini wengi zaidi Afrika Mashariki. Uislamu na Ukristo zote zinamtaja Isa mwana wa Mariamu. Zote zinasema alizaliwa na bikira, alifanya miujiza, na atarudi. Kurani ina sura nzima yenye jina la mama yake. Msikilizaji wa haraka atasema: si ndiyo hiyo hiyo?

Sivyo. Aya ya 157 ya Suratun Nisaa inakanusha kwamba Isa aliuawa au kusulubiwa, huku Mtume Paulo, katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, anasema kwamba kama Kristo hakufufuka basi imani yote ni bure. Mmoja anaondoa tukio ambalo kwa mwingine ndilo nguzo. Na Mkristo anaposema Yesu ni Mungu, Mwislamu hasikii heshima iliyozidi kidogo. Anasikia shirki, dhambi kubwa kuliko zote. Wahadhiri wa Kiislamu na wahubiri wa Kikristo waliojaza viwanja vya Dar es Salaam na Mombasa tangu miaka ya 1980, Biblia mkono mmoja na Kurani mkono mwingine, wengi wao wakiigiza mijadala ya Ahmed Deedat wa Durban, walilielewa hilo vizuri kuliko wasomi wengi. Lugha yao mara nyingi ilivuka mpaka na kuwachoma watu. Lakini jambo waliloligombania lilikuwa la kweli.

Huxley angejibu kwamba wahadhiri wanabishana juu juu, na kwamba kina cha dini kiko kwa wacha Mungu waliozama. Jibu lilitolewa mwaka 1978 na Steven Katz, mwanafalsafa wa Kimarekani. Alionyesha kwamba hata huko kwenye kina, kila mmoja hukutana na kile ambacho dini yake imemwandaa akitafute. Sufi anatafuta nafsi yake itoweke mbele ya Mola. Myahudi wa Kabbala anatafuta kumkaribia Mungu bila kuchanganyika naye. Mbudha anatafuta kutambua kwamba hiyo nafsi yenyewe haikuwapo.

Mungu aliyetafutwa hadi akapatikana

Afrika Mashariki ina mchango wake katika mjadala huu, na ni mchango mkubwa. Mwaka 1969 Mchungaji John Mbiti, Mkenya aliyezaliwa Kitui na aliyefundisha Makerere, alichapisha African Religions and Philosophy. Wamisionari na watawala wa kikoloni walikuwa wamezoea kusema Mwafrika hamjui Mungu. Mbiti alikusanya majina, misemo na sala kutoka jamii nyingi za bara hili, akahitimisha kwamba Waafrika walimjua Mungu mmoja Muumba tangu kale, na kwamba Injili haikumleta Mungu mgeni. Kwa wasomaji wake wengi yalikuwa maneno ya ukombozi.

Okot p'Bitek hakukubali. Mshairi na mwanaanthropolojia huyo wa Uganda, Mwacholi, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba Mbiti na wenzake wanaivalisha miungu ya Afrika mavazi ya Wagiriki na Wazungu ili ionekane ya heshima. Alitoa mfano kutoka kwao. Mwaka 1911, anasimulia, mapadre Waitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi: nani aliwaumba? Wazee hawakuwa na dhana ya kuumba ulimwengu kutoka pasipo kitu, hivyo swali likawafikia kama la ufinyanzi: nani aliwafinyanga? Wakasema mtu huzaliwa na mama yake. Mapadre hawakuridhika, wakakazania jibu. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu anapoota kibiongo, husemwa amefinyangwa na Rubanga, pepo wa ugonjwa wa uti wa mgongo. Mapadre wakaandika jina hilo. Tangu hapo Rubanga ndiye Mungu anayehubiriwa makanisani Acholi.

Kisa hiki kinauma kwa sababu kinaonyesha namna kufanana kunavyoweza kutengenezwa. Aliyeuliza alikuja na Mungu wake mfukoni, akataka tu jina la kumbandika. Na hicho ndicho kinachotokea kila mara mtu anaposema dini ya mwenzake "kimsingi" ni kama yake: msingi unaotajwa huwa ni wa msemaji. Vivekananda alipozikubali dini zote, alizikubali kama njia za kufikia lengo ambalo Uhindu wake ulikuwa umeshalitaja.

Msibani

Wanaolijua jibu bila kusoma vitabu ni watu wa mtaani, na wanalijua zaidi msibani. Katika mtaa wowote wa Dar es Salaam wenye Waislamu na Wakristo, mtu akifa, mambo ya mwanzo hayana dini. Turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, viti vinakodishwa, daftari la rambirambi linafunguliwa na mjumbe anakaa nalo mezani. Akina mama wanachambua mchele bila kuulizana nani anasali wapi. Mzee wa Kikristo anamsogelea jirani yake Mwislamu: "Shehe, poleni sana. Tunampumzisha saa ngapi?" Anajibiwa: "Baada ya adhuhuri, bwana. Tunashukuru mmekuja."

Baada ya adhuhuri, na kifo kimetokea alfajiri. Hapo ndipo njia zinapoachana. Maiti wa Kiislamu anaoshwa na watu wa jinsia yake wanaojua kuosha, anavikwa sanda, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke. Anasaliwa sala isiyo na rukuu wala sijida. Kaburini anashushwa bila sanduku, analazwa kwa ubavu wa kulia akielekezwa kibla, na juu yake zinapangwa mbao kabla ya udongo. Matajiri na maskini sanda ni ile ile. Jirani Mkristo anasaidia kubeba jeneza hadi makaburini, lakini safu zinapopangwa kwa ajili ya sala anasogea pembeni na kusimama kimya. Hakuna anayemfukuza, na hakuna anayemvuta.

Mwezi unaofuata msiba unakuwa kwake. Maiti anakaa chumba cha kuhifadhia siku tatu au nne kusubiri ndugu wa mikoani. Sanduku limetiwa nakshi, marehemu amevaa suti, watu wanapita kuaga, kwaya inaimba, wasifu unasomwa. Mara nyingi safari ya kwenda kuzika kijijini inafuata. Sasa Mwislamu ndiye anayekaa nje ya mlango wa kanisa, na ndiye aliyetoa gari. Na Mhindu wa mtaa wa pili, akifiwa, atampeleka ndugu yake kuchomwa moto, kwa kuwa katika imani yake mwili ni vazi ambalo roho imeliacha ikienda kuzaliwa tena.

Kila kitendo hapo kina fundisho nyuma yake. Haraka ya Mwislamu, ibada ndefu ya Mkristo na moto wa Mhindu ni majibu matatu kuhusu mwili na roho. Wenye mtaa hawajaribu kuyafanya yawe jibu moja. Wanachokifanya ni kujua wapi pa kuingia na wapi pa kusogea pembeni.

Kitoweo na kadhi

Mpangilio huo unaonekana pia buchani. Tanzania, kwa mazoea ya muda mrefu, nyama ya kuuzwa kwa watu wote huchinjwa na Mwislamu. Hesabu yake ni ya kiutu uzima: Mwislamu ana masharti ya kuchinja yanayomfunga, Mkristo wa kawaida hana, basi anayefungwa na sharti ndiye ashike kisu ili wote wale. Mazoea hayo yalidumu bila kupingwa hadi baadhi ya Wakristo walipoanza kuuliza kwa nini kisu kiwe cha upande mmoja. Februari 2013 mzozo wa kuchinja ulilipuka Buseresere mkoani Geita. Mchungaji mmoja aliuawa na Serikali ikalazimika kuingilia kati. Miaka 20 kabla yake, Aprili 1993, mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam.

Ethiopia waliamua vingine. Huko Mkristo wa Kiorthodoksi na Mwislamu kwa desturi hawali nyama iliyochinjwa na mwenzake, hivyo kila upande una bucha lake. Dini zile zile mbili, mipango miwili, na kila mmoja unakiri kwamba tofauti ipo.

Sheria nazo zinakiri. Tanzania haijauliza dini ya mtu kwenye sensa tangu mwaka 1967, lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiwezi kuikwepa dini. Ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila inachukuliwa kuwa ni ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo. Nyingine ni ya mke mmoja. Na Wakristo wawili waliofunga ndoa kanisani hawawezi kuigeuza kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wanaendelea kuwa Wakristo. Kenya, kupitia Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Mahakama za Kadhi zimo ndani ya Katiba ya 2010, kifungu cha 170, zikihusu hali binafsi, ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu pekee, tena wanaokubali kwenda huko. Makanisa mengi yaliipinga katiba hiyo kwenye kura ya maoni, mahakama hizo zikiwa sababu mojawapo. Ilipita.

Kama dini zote zingekuwa moja, mtunga sheria angeandika kifungu kimoja akaenda kulala.

Amani haikutokana na kufanana

Wanaosisitiza kwamba dini ni moja huwa na hofu ya haki: kwamba kusema zimetofautiana ni kuwasha moto. Historia ya eneo hili haiungi mkono hofu hiyo. Buganda, mwaka 1886, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Miaka sita haikuisha, Januari 1892, wafuasi wa makanisa hayo hayo mawili, Wafransa na Waingereza kama walivyoitwa, wakapigana Mengo, bunduki za Kapteni Lugard zikiwa upande wa Waprotestanti. Walisoma Injili moja. Waligombania vyeo, ardhi na kasri. Hadi leo Namugongo ina mahali pa kuhiji pawili, pa Wakatoliki na pa Waanglikana, na kila tarehe 3 Juni mahujaji wanajaza kote kuwili bila ugomvi.

Rwanda mwaka 1994 inasema hilo kwa ukali zaidi. Wauaji wengi na waliouawa wengi walikuwa Wakristo, mara nyingine wa parokia moja. Huko Ntarama na Nyamata watu waliuawa ndani ya makanisa waliyokimbilia kwa sababu waliamini hakuna muumini mwenzao atakayethubutu. Kufanana kwa dini hakukuwalinda.

Ni lazima pia kukiri kwamba "tofauti" nayo haiendi kwa mstari ulionyooka. Ndani ya Uislamu wa Pwani, maulidi yanayokusanya maelfu Lamu kila mwaka ni ibada tukufu kwa wafuasi wa Msikiti wa Riyadha, na ni bidaa kwa Masalafi. Mlokole na Mkatoliki wanaweza kuonana wageni zaidi kuliko Mkatoliki na jirani yake Mwislamu mwenye tasbihi. Na wapo wa pande zote wanaokutana usiku kwa mganga mmoja. Hayo hayafuti mipaka. Yanaonyesha tu kwamba mipaka ni mingi kuliko majina yaliyoandikwa milangoni.

Namna ya kuiheshimu mipaka hiyo inaonekana kwenye kisiwa cha Saadiyat, Abu Dhabi, jiji ambamo Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, walitia sahihi hati ya udugu wa kibinadamu tarehe 4 Februari 2019. Mwaka 2023 yalifunguliwa kisiwani humo majengo matatu kwenye kiwanja kimoja: msikiti, kanisa na sinagogi. Yana ukubwa sawa ili asiwepo wa kumzidi mwenzake. Lakini msikiti umeelekea Makka, kanisa mashariki, sinagogi Yerusalemu. Wanatumia bustani moja. Kusali, kila mtu kwake.

Kwa hiyo hukumu ni hii: dini si moja. Zinashiriki pamoja eneo kubwa la utu na maadili, na eneo hilo lina thamani, lakini si hilo linalomfanya mtu awe Mwislamu, Mkristo, Mhindu au Mbudha. Kumwambia muumini kwamba imani yake ni njia tu kati ya njia ni kumwambia, kwa adabu, kwamba hajaielewa.

Kinachopungua ni elimu. Kenya ina somo la dini ya Kikristo, la dini ya Kiislamu na la dini ya Kihindu. Mwanafunzi husoma moja, ambalo kwa kawaida ni la kwao. Tanzania nako somo la dini humaanisha watoto kugawanywa madarasa, kila kundi na mwalimu wake. Kijana anamaliza kidato cha nne bila kufundishwa hata kipindi kimoja kuhusu jirani atakayemzika. Afrika Kusini ilipitisha sera mwaka 2003 inayotaka shule za umma zifundishe kuhusu dini mbalimbali bila kuhubiri yoyote, na nchi zetu zina walimu, mashehe, wachungaji na mapandit wa kutosha kuandaa mtaala kama huo. Kipimo chake kiwe kimoja: sura inayohusu Uislamu isomwe na Mwislamu aseme "ndiyo, hivi ndivyo tunavyoamini", na ya Ukristo isomwe na Mkristo vivyo hivyo, kabla haijafika darasani. Wizara za elimu zianze na hilo.